Kazi ya Tano ya Verlin

Ndugu na majirani, asanteni kwa kuja, mimi ni Orpha Estep, bibi yake marehemu, ndiye niliyemlea, na kwa kuwa kusoma sijui nitasema kwa kichwa, tarehe ataninong'oneza Tessa, binti yake.

Verlin Estep alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, hapa hapa Kettle Branch, Kentucky, chumba cha nyuma, theluji imefunga barabara, kitovu nikamkata mwenyewe. Shule aliiacha mwaka 1995, darasa la kumi, 1997 akaingia mgodini, akachimba makaa mpaka mgodi ulipofungwa tarehe 30 Aprili 2015. Alimuoa Marla Sizemore tarehe 9 Juni 2001, wakampata Tessa tarehe 2 Novemba 2003, huyo huyo mmoja.

Mgodi ulipofungwa, mtambo wa maji ulitafuta mpimaji wa maji mwenye cheti, Verlin akasikia kuna masomo ya kazi hiyo, ya bure, kwenye mtandao, ya chuo kikuu kabisa, hakuna anayekuuliza uliishia darasa la ngapi. Huku bondeni mtandao haufiki, basi kila Jumapili baada ya ibada alisimamisha gari nje ya maktaba, akasomea humo humo. Walianza watu elfu arobaini kwa mwalimu mmoja, ukikwama hakuna wa kumuuliza, wengi wakaachia njiani. Mwalimu hawezi kusahihisha wote, kwa hiyo kila mwanafunzi anapewa kazi za wenzake watano, asipozimaliza kwa siku iliyopangwa, maksi zake hazifunguliwi. Verlin alisoma kila neno, aliyekosea alimwandikia kurasa mbili, siku ikampita, akakosa mwaka 2016, akakosa tena 2018. Marla akamwambia, "Unasahihisha dunia nzima, bomba la jikoni utalisahihisha lini?" Kazi ya maji ilishapata mtu, lakini yeye akasema anataka Tessa amwone amemaliza kitu kimoja, mwaka huu akaanza mara ya tatu.

Mapafu yalishajaa vumbi la makaa, akalazwa tarehe 23 Septemba 2019. Alhamisi iliyopita alikuwa amebakiza kazi ya tano, ya mtu wa Peru, akanisomea.

"Bibi, kapiga hesabu vizuri, mwisho kaharibu. Nimpe ngapi kati ya kumi?"

"Mpe zote."

"Ungekuwa mwalimu wewe, nchi nzima ingefaulu."

"Basi mpe nane, umwambie alipokosea."

"Hapo sawa, Bibi."

Akaandika, akachoka, akasema ataituma kesho. Ijumaa tarehe 11 Oktoba, saa tatu asubuhi, akakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta vyakula, na wachimbaji wenzake mliochimba kaburi kwa mikono yenu.

Jana Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma. Baada ya ibada Tessa alikaa garini nje ya maktaba, akaituma ile nane na maneno ya baba yake kama yalivyo, maksi za Verlin zikafunguka, akarudi akasimama mlangoni, akasema, "Bibi, Baba kafaulu." Nikasema haya, nikaendelea kufunika bakuli la maharage.

Umemaliza, Verlin. Lala sasa, mwanangu, upumzike.