Dada Yetu Kumi Tena, Mtaalamu wa Magoti

Ndugu, jamaa na majirani, nasoma kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa mwisho. Nikikwama, mnivumilie.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 katika zahanati iliyo nyuma ya soko, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa marehemu baba, fundi umeme, na mama, fundi cherehani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1985, kisha akaenda sekondari ya wasichana. Akiwa kidato cha tatu aliteguka goti kwenye netiboli, akafungwa plasta wiki sita. Ilipofunguliwa, paja lilikuwa limenywea na goti halikunjiki. Mama mmoja wa chumba cha mazoezi hospitalini alimrudisha uwanjani kwa miezi minne, na tangu hapo dada hakutaka kusikia habari ya kazi nyingine. Alihitimu stashahada ya fiziotherapia mwaka 2001.

Kwa miaka ishirini na tatu alifanya kazi hospitali ya rufaa, chumba namba tisa, mwisho wa korido: kitanda kimoja, mikanda ya mpira, ngazi tatu za mbao, na baiskeli isiyokwenda popote. Waliokuja na magoti mabovu wakitaka kulala tu walikuta mtu asiyebembeleza. Paja likipata nguvu, alisema, goti hupumua. Dereva mmoja wa lori, pande la mtu, aliyekatika kano, alilia akaomba sindano. Dada akamwambia, "Sindano haipandi ngazi, kaka yangu. Kumi tena." Jina likamganda. Yule dereva yupo hapa, amesimama pale nyuma.

Tarehe 9 Desemba 2006 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati aliyeumia goti akicheza mpira na wanafunzi wake. Shemeji alipona wiki ya sita, akaendelea kuhudhuria mpaka ya kumi na tatu. "Ulikuwa unachechemea ukifika mlangoni kwangu tu," dada alimtania miaka yote. Walijaliwa mabinti wawili.

Mgonjwa mmoja tu alimshinda, naye ni mama. Miaka thelathini ya kukanyaga cherehani ilimsaga magoti, na kila dada alipofungua mdomo, mama alimkata: "Mimi ndiye niliyekufundisha kutembea. Leo unifundishe kukaa?" Akawa anakwenda chooni kwa kushika ukuta. Dada aliogopa sana siku ambayo mama angeshindwa kabisa kuinuka.

Juni mwaka jana dada mwenyewe alianza kuumwa mgongo. Mganga hajigangi. Alisema ni mgongo wa kazi, wa kuinamia watu, akajifanyia mazoezi miezi minane huku akikonda mbele ya macho yetu. Februari akaambiwa ni kansa ya kongosho, na imeshasambaa. Aliniambia, "Angekuja mgonjwa na maneno haya, ningemtuma kwa daktari siku hiyohiyo." Sisi nasi tulimwona tukanyamaza, kwa kuwa mjuzi alikuwa yeye. Hilo linaniuma, na litaniuma.

Alirudi kuuguzwa nyumbani kwa mama. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, naye akaomba kiti cha mama kisogezwe mbele yake. "Mama, simama bila kushika." Safari hii mama hakubisha, angemnyima nini mtoto yule? Kila asubuhi mmoja alihesabu, mwingine aliinuka na kukaa, wakigombana kama kawaida yao. Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, dada alihesabu hadi sita. Mama alibaki amesimama, akisubiri saba.

Ameacha mume, mabinti wawili, wadogo zake wawili, shangazi, wajomba, na wagonjwa ambao karatasi hii haiwatoshi. Na ameacha mama. Tulimwazimia kiti cha magurudumu, amekiacha langoni. Ametembea mwenyewe mpaka hapa kaburini, bila kumshika mtu. Dada, mama anatembea. Lakini lau tungeulizwa, tungekubali kumbeba mgongoni siku zake zote, mradi wewe uwepo.

Apumzike kwa amani ambayo sisi leo hatuna.