Siku Benchi la Nyuma Lilipojaa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, najua mmekula viazi asubuhi. Mimi ni Tumaini wa hapa hapa Itaka. Mnanijua. Wengine mlinijua kupita kiasi, na ndicho nilichosimama kukisema.

Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nilichumbiwa na Haonga, kijana mpiga picha. Nilimpenda, sifichi! Akaniomba picha moja nikiwa na shimizi tu, akaapa itabaki kwa macho yake. Nikakubali. Uchumba ulipovunjika, kwa hasira akaitoa. Picha ikatembea kilabuni, ikatembea kwenye foleni ya duka la kijiji, ikafika hadi kwenye mashine ya kukoboa kahawa.

Ndugu zangu, hakuna aliyeuliza nani anaionyesha. Waliuliza, "Kwani alilazimishwa?" Kwenye shamba la kijiji hakuna mwanamke aliyetaka kulima ngwe iliyopakana na yangu. Wazee wa kanisa nao wakaitisha baraza, picha ikapita mkono kwa mkono, eti wanachunguza kosa. Mmoja alirudi nyumbani kufuata miwani! Kisha wakanitenga: nikae benchi la nyuma, nisishiriki meza ya Bwana. Haonga akabaki mbele na kwaya, anaimba besi.

Nilitamani kufa. Nikafunga mzigo wa nguo nivuke Tunduma niende Zambia, nisionekane tena, hata na mama yangu.

Jumapili niliyodhani ni ya mwisho, Mama Haonga, mama mzazi wa kijana yule, aliinuka kutoka mbele, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akaja kukaa nami. Mchungaji akamwita arudi.

"Sirudi, Mchungaji. Aliyeionyesha nimemzaa mimi. Na kila aliyeitazama aje huku, tukae pamoja."

Watu wakaangalia miguu yao. Kisha mzee wa miwani akaja, kofia mkononi. Akafuata mwenyekiti wa kijiji. Wakafuata akina mama, mmoja mmoja, wengine wanalia. Mwishowe mchungaji mwenyewe akashuka! Benchi halikututosha, watu wakakaa chini. Mbele akabaki Haonga na besi yake.

Yule mzee akaitoa picha mfukoni, alikuwa akiitunza kama ushahidi. Mama Haonga akaipokea ikiwa imegeuzwa uso chini, akaniwekea kiganjani.

"Ni yako, mwanangu. Mimi sijaiona."

Ndugu zangu, Yesu nilihubiriwa tangu utotoni, lakini siku ile ndipo nilipomwamini. Nilirudi nyumbani nikafungua mzigo wangu. Niliwasamehe wote, na nawapenda, Mungu ni shahidi.

Sasa wewe uliyeaibishwa, uliyekaa hapo unajificha ndani ya kanga, njoo kwa Bwana hivyo ulivyo. Hatakuuliza kama ulilazimishwa. Njoo, mpendwa, na mimi nitakaa nawe. Amina!