Mnafu Alioukataa Eliud

Baba mchungaji, wazee wa ukoo, na ninyi nyote mliokuja kumsindikiza Eliud, mimi ni Kaanaeli, dada yake mkubwa, na kazi hii ya kusoma nimeiomba mwenyewe, maana nilimbeba mgongoni kabla wengine hawajamjua.

Marehemu alizaliwa Poli tarehe 14 Machi 1956, akamaliza darasa la saba hapohapo mwaka 1970, kisha akaajiriwa na chama cha ushirika kupima kahawa, hadi wanunuzi binafsi walipokuja na mizani yao, akapunguzwa kazini mwaka 1995, akafungua duka la vipuri Kikatiti. Tarehe 22 Desemba 1984 alifunga ndoa na Brightness wa Machame, wakajaliwa Bariki na Nice, na tangu siku ile, jamani, ukimtaka mdogo wangu sharti upitie kwa wifi.

Juni 1998 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, na madaktari wa Nairobi wakakuta kitundu kidogo moyoni, kile ambacho kwa wengi hujifunga baada ya kuzaliwa, damu iliyoganda ikapenya hapo na kupanda kichwani. Kukiziba kulitaka safari ya Ulaya, kwa hiyo akapewa vidonge vya kuzuia damu isigande, apimwe damu kila mwezi, na mboga za majani ale kiasi kilekile kila siku, kwa kuwa zikizidi hupunguza nguvu ya dawa. Wifi akawa anampimia mboga ya mnafu kwa kikombe, miaka mitano na ushee kiharusi hakikurudi, na mimi niliona wivu, nasema mbele ya jeneza, kwani hata kwangu alikuja na kikombe cha mkewe.

Januari mwaka huu wa 2004 wifi alikwenda Machame kumzika mama yake, huku nyuma Eliud akaugua malaria, kina mama wa jumuiya wakamletea mnafu, kila mmoja na sufuria yake, naye akaona haya kukataa chakula cha watu, akala wiki nzima. Sufuria yangu peke yake ndiyo aliyoirudisha na mnafu wake, kifuniko hakijafunuliwa, eti dada ataelewa. Sikuelewa, nilinuna, na kabla wifi hajarudi, tarehe 29, kiharusi cha pili kikampiga, akakaa kitandani hadi alipofariki tarehe 21 Aprili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyabiashara wenzake wa Kikatiti, na majirani, hasa kina mama, mlileta kwa upendo na hakuna wa kulaumiwa. Wifi, asante, ulimtunza kuliko ambavyo ningeweza, na bado nakuonea wivu.

Jambo moja sikuliandika. Baada ya kiharusi kile cha pili ulimi wake ulibaki na neno moja tu, Brightness, alimwita hivyo daktari, alimwita hivyo mwanawe Nice, na asubuhi ile ya mwisho, tukiwa wawili tu, alinishika mkono akaniita Brightness, nami nikaitika.

Pumzika, mdogo wangu.