Mwanafunzi Asiyetaka Kuhitimu: Maisha ya Mzee Brashi

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa asubuhi ya tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili na wa mwisho wa mpasua mbao na mkewe mshonaji. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyeandika haya kwa mkono wake, anaikumbuka asubuhi ile, maana alipakatishwa mtoto akaambiwa, "Usimwangushe." Hakumwangusha.

Alianza shule mwaka 1958. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri hata mwalimu akawa anamwita kila asubuhi aandike tarehe ubaoni. Dada yake, aliyemaliza darasa la saba bila kurudia hata moja, alimshinda kwa kila kitu isipokuwa mwandiko, na hilo analikubali leo kwa sababu tu ni msiba.

Mwaka 1967 aliingia kazini kwa mchora mabango, na huko ndiko alikopata jina la Brashi. Aliandika majina ya maduka, ubavu wa malori, milango ya zahanati. Hakutumia rula, alivuta pumzi, akaibana, na herufi ikashuka imenyooka. Baadaye yakaja mabango ya plastiki ya kuchapwa kwa mashine, na wateja wakapungua mmoja mmoja bila hata kuaga. Alifunga karakana yake tarehe 30 Aprili 2009, akaziosha brashi zote na kuzifunga kwa gazeti, kama mtu anayesafiri.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1976 na mpokea simu wa posta. Walikutana alipotumwa kuandika bango la posta hiyohiyo, kazi ya siku moja. Marehemu aliifanya wiki nzima. Bwana posta alipouliza mbona neno moja haliishi, alijibu, "Rangi haijakauka, mzee." Kumbe rangi ilishakauka siku nyingi, binti alikuwa dirishani. Walijaliwa mtoto mmoja, wa kike, ambaye alikuja kuwa muuguzi na kwenda kufanya kazi nchi ya mbali.

Mkewe alifariki tarehe 20 Agosti 2017. Tangu hapo marehemu aliwasha redio jikoni, kisha akaenda kukaa sebuleni, ili nyumba iwe na mtu anayeongea chumba cha pili. Dada yake alipomuuliza mbona anakaa mbali na redio, alisema, "Nikiwa karibu nasikia kuwa ni redio."

Mwaka 2019 binti yake alimtumia boksi. Ndani mlikuwa na mashine ndogo ya kuchonga mbao, ile wanayoiita CNC, inayokaa juu ya meza na kuongozwa na kompyuta. Wewe unachora, yenyewe inachonga. Ilikuja vipande vipande, na binti, ambaye naye hakuwahi kuigusa mashine kama hiyo, alisoma maelekezo huko mtandaoni na kumfundisha baba yake kwa simu kila Jumapili mchana.

Somo la kwanza lilikuwa sifuri. Mashine haijui iko wapi mpaka uionyeshe pa kuanzia. Unaweka karatasi juu ya ubao, unaishusha biti, yaani kile kijisu kinachozunguka, taratibu, huku ukiivuta karatasi, mpaka karatasi ikwame kidogo. Hapo ndipo sifuri. Ukikosea, biti inazama ubaoni au inachonga hewa.

Somo la pili lilikuwa kuufunga ubao kwa klampu, vile vibano vya chuma, nalo alilisahau siku ya kwanza. Ubao uliruka ukaipiga kalenda ukutani.

"Wewe Brashi, unataka kuniua?" dada yake, aliyekuwa amekuja kutazama, alipiga kelele.

"Dada, umeteleza."

"Umeteleza, au hukuufunga?"

Kwenye simu binti alicheka mpaka akakohoa. Mchana ule marehemu alizima redio.

Baada ya miezi michache alichonga waridi moja safi, akalipiga picha na kumtumia. Binti akafurahi. "Baba, umefuzu! Sasa hunihitaji tena." Jumapili iliyofuata simu ilikuwa salamu tu. Iliyofuata ukaja ujumbe kwamba yuko zamu. Marehemu aliitazama ile simu mezani kama mgeni aliyekataa kuingia ndani. Jumapili nyingine alipiga yeye.

"Mama, sifuri imenipotea tena."

"Tena, Baba? Haya, chukua karatasi. Tuanze mwanzo."

Sifuri haikuwa imepotea. Dada yake alikuwa palepale, akauona ubao umefungwa pembe zote na biti imekaa mahali pake. Alipofungua mdomo, marehemu aliweka kidole kwenye midomo yake. Simu ilipokatwa akaambiwa, "Muongo mkubwa wee!"

"Sidanganyi, Dada. Nasoma polepole."

Alisoma hivyo mpaka mwaka huu. Alituma picha za biti iliyovunjika, ileile moja, ameigeuza upande. Kuna siku binti alichoka, akasema, "Baba, hili si tulishalimaliza?" Marehemu akajibu, "Uzee, mama," na sauti yake ilikuwa ndogo. Kazi nzuri alizifungia kabatini, kwenye nafasi iliyobaki baada ya nguo za mkewe kugawiwa. Alichora herufi kwa brashi zake za zamani, akaziingiza kwenye kompyuta, mashine ikazifuata. Aliifundisha mwandiko wake, na hakuwa na wa kumwonyesha isipokuwa dada yake, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, lakini alisifu.

Moyo ulianza kumsumbua mwezi Januari, na miguu ikavimba. Alilazwa tarehe 6 Juni 2023. Binti alipoambiwa alikata tiketi, lakini marehemu alifariki tarehe 14 Juni alfajiri, na ndege ilitua kesho yake. Neno lake la mwisho kwa dada yake lilikuwa, "Akifika, usimwambie nilikuwa najua." Dada yake hakuahidi kitu.

Binti alifungua kabati akitafuta suti ya kumvika baba yake, akakuta mbao zimepangwa mpaka juu.

"Shangazi, nani kachonga hizi?"

"Mwandiko wa baba yako huujui?"

Akakaa kitandani. "Lakini juzi tu kaniuliza karatasi inawekwa wapi!"

"Alijua inapowekwa, mwanangu. Alitaka uendelee kumwambia."

Hakulia hapo. Alisema kibao cha kaburi atakichonga mwenyewe. Alilikuta jina Brashi kwenye kompyuta, kwa mkono wa marehemu, akaufunga ubao, akawasha mashine, akakwama kwenye sifuri. Bila kufikiri akachukua simu yake na kumpigia baba yake. Ikaita ndani ya koti lililoning'inia nyuma ya mlango. Iliita mpaka ikakatika yenyewe, na hakuna aliyenyanyuka.

Kisha akachukua karatasi, akajaribu.

"Nimekosea sifuri, Shangazi. Herufi ya kwanza imezama. Nichonge kingine?"

"Acha hivyo hivyo."

Mkipita kuweka maua mtakiona kichwani pa kaburi. Herufi B imezama kuliko wenzake. Ni kazi ya mwanafunzi mpya.

Marehemu ameacha binti mmoja, dada mmoja, na mashine moja ambayo binti ameomba ibaki mezani ilipo. Ameomba pia shangazi yake awe anapokea simu Jumapili mchana, kwa sababu ana maswali. Shangazi amekubali.

Apumzike salama Mzee Brashi, polepole kama alivyosoma.