Picha ya Mazishi Iliyomleta Mlangoni Kwangu

Wamama wa Kanja, kabla sijaanza naomba mtu arudishe ule mlango. Si woga. Woga niliumalizia hapa hapa kwenu. Ni baridi tu, nilikuwa nimesahau baridi ya huku kwenye majani chai.

Wengi mnanijua. Nilikaa kile chumba cha mabati karibu na banda la kupimia chai, mimi na watoto wangu wawili, zaidi ya mwaka mzima. Ninakoishi sasa sitasema, na kama unanipenda usiniulize. Nimekuja kuwashukuru, lakini nimekuja pia na hasira, na leo sitaiacha nje na viatu.

Mimi ni mtu wa Igembe. Niliolewa karibu na Kangeta, na mtu ambaye leo nitamwita "yule". Huu mkono mnaona haunyooki? Sikuzaliwa nao hivi. Siku alipouvunja, msichana wangu alikuwa amesimama pale na daftari lake la shule, akiangalia. Hakulia. Alikuwa na miaka saba na alikuwa ameshazoea. Ndugu zangu, nawaambia, nilivumilia mengi kwa ile boma, lakini ule ukimya wa mtoto ulinishinda. Nikaondoka mkono ukiwa bado kwa plasta.

Dada yangu peke yake ndiye alijua niko wapi. Yeye ndiye alinitafutia kibarua cha kuchuma chai huku. Tukakubaliana hata mama yetu asiambiwe, asije akabanwa akasema.

Halafu mama akafa.

Sikwenda kumzika mama yangu. Mnajua kwetu maana yake ni nini, mtoto kukosekana kaburini kwa mamake. Lakini yule alikuwa pale mbele, na suti. Kwa nini? Kwa sababu wazee walisema mahari haijarudishwa, kwa hivyo bado ni mkwe. Mimi nimevunjwa mkono, lakini ng'ombe hazijarudi, kwa hivyo ni mkwe! Wakamweka hata kwenye grupu ya simu ya kamati ya mazishi, akawa anaandika "poleni familia" kila asubuhi.

Kilichobaki kwangu kilikuwa programu. Mnazijua programu zetu za mazishi, zile karatasi za rangi zenye historia ya marehemu. Kila mtoto wa marehemu lazima aonekane na watu wake. Binamu yangu, aliyekuwa anapeleka kazi kwa mchapishaji, akapewa nambari yangu mpya na dada, akanipigia.

"Tuma picha yako na watoto," akasema. "Lakini usiitume hivi hivi, inafika na ukungu. Itume kama dokumenti, ndiyo itoke safi."

Nikasema sawa. Kama siwezi kufika kwa mama, basi sura yangu ifike, tena ifike safi. Tukaoga, tukavaa. Nikawasimamisha watoto mbele ya mlango, na nyuma yetu nikatundika shuka la maua ili mtu asitambue nyumba. Nilijiona mwerevu sana. Nikaweka simu juu ya debe, nikapiga, nikatuma. Dokumenti. Binamu akazimwaga picha zote kwa grupu vile vile zilivyofika, ili watu waangalie kama ziko sawa.

Siku tisa baada ya mazishi, saa kumi, nilikuwa natoka kupima chai na kikapu mgongoni. Nikamkuta yule ameketi mlangoni kwangu, kwa stuli yangu. Msichana wangu amembana katikati ya magoti. Mtoto wangu mdogo anakula mandazi aliyoletewa.

Akaniangalia akasema, "Lile shuka la maua ni zuri." Halafu akasema, "Wavalishe viatu. Tunaenda nyumbani."

Nikamtazama msichana wangu. Kimya. Macho makavu, vile vile kama ile siku. Hapo nikatupa kikapu na nikapiga nduru ambayo sijawahi kupiga tena.

Nanyi mkaja. Wengine mkaja na vikapu bado mgongoni. Mama wa mbuzi, usijifiche hapo nyuma, wewe ulikuja na panga na patipati moja tu mguuni! Yule akaona wanawake wamejaa uani, akamwachilia mtoto, akaingia kwa gari lake. Kabla ya kufunga mlango akaniambia, "Nitarudi. Kwenu hakuna siri."

Hayo maneno yakaniingia kama sumu. Kwetu hakuna siri? Aliyejua ni mmoja tu. Nikampigia dada yangu nikamwambia, umeniuza. Akaniapia kwa kaburi la mama. Nikamwambia asitaje mama, na nikakata simu. Miezi mitano sikuongea naye. Nilimzika akiwa hai.

Wakati huo nikahama chumba, nikamtoa mtoto shule, nikaanza kuruka kila nikisikia gari. Nilikwenda ofisi fulani kushtaki. Mkubwa mmoja pale hata kalamu hakuinua. Akaniambia, "Mama, wewe ndiye ulimwambia. Nyinyi hukimbia mchana, halafu mnapigia bwana simu." Na katika viti hivi pia kuna aliyesema kwamba natafuta kurudiwa. Nilisikia. Nimekusamehe, lakini nilisikia.

Ni hapa, katika mkutano wenu wa Alhamisi, ndipo mambo yaligeuka. Mnamjua yule mama anayefundisha kompyuta. Yeye hakuniuliza nani alisema. Aliniuliza, "Alipokuona alisema nini, neno kwa neno?"

Nikamwambia alisifu shuka.

"Shuka lilikuwa limetundikwa siku aliyokuja?"

"Hapana. Lilikuwa kitandani, na mlango nilikuwa nimeufunga na kufuli."

"Kwa programu linaonekana?"

Nikamwonyesha programu. Mchapishaji alikuwa amekata, tumebaki vichwa tu. Basi akaniambia nifungue ile picha yenyewe kwa simu yangu. Akaivuta juu kwa kidole, na chini yake kukatokea tarehe, saa, na ramani. Ramani, wamama! Akaikuza. Nikaona barabara, nikaona banda la chai, na nukta nyekundu imekaa juu ya paa langu.

Akanieleza polepole. Kamera ikiwa imeruhusiwa lokesheni, inaandika mahali ndani ya kila picha. Ukituma kawaida kwenye grupu, mara nyingi hayo maandishi yanaachwa. Ukituma kama dokumenti, yanakwenda yote. Nilificha mlango kwa shuka na nikamtumia ramani ya kumfikisha.

Nilikasirika hadi masikio yakaziba. Siku niliponunua ile simu muuzaji alinionyesha tochi, akanionyesha redio, akanionyesha vile kamera itanipaka uso mweupe. Hili hakunionyesha. Simu yenyewe iliniuliza kitu kwa Kiingereza mara moja tu, nikabonyeza kukubali, kama wewe ulivyobonyeza. Mtu anaulizwa hivyo kuhusu usalama wa watoto wake? Halafu ikiharibika anaambiwa alijitakia!

Nikatoka nje, nikampigia dada. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Akashika simu, akasikia nalia, akauliza, "Umekula?"

Hiyo tu. Baada ya miezi mitano.

Yeye ndiye alinipeleka kwa wazee na ile picha. Tukawaonyesha nukta nyekundu. Mzee mmoja bado akauliza, na mahari je? Dada yangu akasimama akamuuliza mkono mmoja wa binti yao ni ng'ombe ngapi. Yule akaondolewa kwa grupu siku hiyo hiyo. Baadaye hakimu alimpa amri asitukaribie, na mwalimu wenu ndiye alinisaidia kuandika maelezo.

Asanteni nyinyi mliokuja na vikapu. Asante mwalimu. Dada, simama wakuone. Nilikukosea, na nimetaka kulisema hili mbele ya watu.

Sasa toeni simu, chai itangoja. Ingieni kwa kamera, kwa mipangilio, mzime lokesheni. Picha za zamani mkitaka kutuma, pigeni skrinshoti mtume hiyo, ile ramani inabaki kwako. Na mtu akiombwa picha ya watoto, ya mazishi, ya harusi, ya shule, aulize kwanza ni nani wako kwa hiyo grupu. Asione haya kuuliza.

Mnasikia huyo anayelia huko nje? Ni msichana wangu, nadhani ameanguka. Siku hizi akijikwaa tu analia mpaka majirani wanatoka. Hebu fungueni ule mlango kidogo, nimsikie vizuri.