Kopo Ambalo Daktari Hakutakiwa Kuliona

Kina mama wenzangu, amani iwe nanyi. Na nyinyi mlioketi nyuma karibu na mlango, amani iwafikie huko huko. Siwalaumu. Mimi pia nikiingia mahali hutafuta kwanza pa kutokea.

Wengi hapa mnanijua. Nikinunua omena, yaani dagaa, hutia mkono mpaka chini ya gunia, kwa sababu juu wanaweka zile nzuri. Nikisalimiwa kwa mkono mmoja, huangalia ule mwingine unafanya nini. Marehemu mama yangu alisema nilizaliwa jicho moja likiwa wazi. Sasa mkisikia kwamba mtu kama mimi alidanganywa miaka na miaka, tena huku anacheka na kushukuru, mjue hakuna aliye salama humu ndani. Sitataja jina la mtu. Nimemwahidi mwenyekiti.

Ilianza na magoti. Si mnajua nauza njugu soko la Rongo, na njugu zenyewe nalima mwenyewe. Kupanda njugu ni kuinama, kupalilia ni kuinama, kung'oa ni kuinama, halafu unaketi chini kutwa nzima ukibambua. Nani mwenye shamba la njugu ambaye magoti yake hayalii? Nilikuwa nikiinuka nasema "mayo!" kama mwanamke yeyote wa rika langu.

Pale sokoni, meza iliyopakana na yangu ilikuwa ya mama mmoja anayeuza dawa za kienyeji. Mtu mzuri sana. Mmoja wetu akienda msalani, mwingine anamwangalizia meza. Siku moja akaniita binti wa Karachuonyo, kwetu nilikozaliwa, akaniambia, "Nyar Karachuonyo, utalia mpaka lini? Lamba hii." Akafungua kopo, akachota unga wa kahawia kwa kijiko, akalamba yeye kwanza mbele yangu, kisha akanipa mimi.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo lile jicho langu lilipofumba. Mtu wa nyumbani, anaongea lugha yangu, tunaimba naye kwaya hapa kanisani, na amelamba kwanza. Ningeshuku nini?

Kesho yake niliamka nikatembea kama msichana. Nikapata hamu ya kula, nikala. Mashavu yakajaa. Hapa hapa kanisani mlinishika mkono mkasema, "Umenawiri, Mungu ni mwema." Msigeuze nyuso, mlisema.

Dawa ilikuwa na mwiko mmoja. "Isionwe na mtu wa hospitali," yule mama aliniambia. "Daktari akiiona inakufa, inabaki vumbi tu." Sikuona ajabu. Sisi watu wa huku tumekulia kwenye miiko: hii hairukwi, hii haipitishwi mlangoni, hii haionyeshwi mgeni. Nikalifunga kopo kwenye leso, nikalizika ndani ya gunia la njugu za mbegu, ambalo hata mzee wangu hathubutu kuligusa. Likiisha nanunua lingine.

Baadaye maumivu yakahama. Yakatoka gotini, yakaingia ndani kabisa hapa kwenye kinena, mahali ambapo huwezi hata kuonyesha watu. Nikaongeza kijiko. Yakanyamaza kidogo, yakarudi na hasira. Ikafika nikashindwa kuchuchumaa. Nikashindwa kukunja mguu nivae kiatu, binti yangu akawa ananivisha kama mtoto wa nasari. Kutoka mlangoni mpaka jikoni nilikuwa nashika ukuta. Na mwenye njugu akishindwa kuinama, shamba haliinami badala yake. Msimu ule njugu zangu zilioza ardhini, na mimi nilikuwa kitini naziangalia. Nililia, kina mama. Nililia kwa uchungu na kwa aibu.

Wakati huo ndipo tangazo liliposomwa hapa kanisani, kwamba kuna watu wa utafiti katika hospitali moja huko Homa Bay, wanachunguza maradhi ya nyonga, mgongo na viungo kwa watu wa Migori na Homa Bay. Mwenye maumivu aende, atapigwa picha, atapewa nauli.

Nauli! Tangu lini mtu akalipwa ili atibiwe? Na mifupa yetu ina nini mpaka watu wenye shahada waje kuitafuta? Anayeulizia sana habari za ng'ombe wako ana haja na ng'ombe. Jirani yangu wa nyumbani akasema wanapiga picha mifupa mapema ili wajue ipi watakuja kuchukua tukifa. Mimi sikuamini hilo, lakini sikulikataa pia. Nililiweka.

Binti yangu ndiye aliyenisukuma. Alisema, "Mama, ama uende, ama unifundishe kukubeba." Tukaenda.

Huko nilipokelewa na msichana wa Kikuria kutoka upande wa Kehancha. Kwa hivyo tuliongea Kiswahili, kila mtu na chake. Mpole, anatabasamu. Mnajua mimi na watu wanaotabasamu. Akaniuliza maswali mpaka nikachoka: umewahi kuanguka, unakunywa pombe, kwenu kuna ugonjwa wa selimundu, unalala upande gani. Kisha akauliza, "Na dawa, mama? Unakunywa dawa gani?"

"Sinywi dawa."

"Hata za kienyeji? Hata za kununua sokoni?"

Nikaona, ehee, hapo ndipo walipokuwa wanaelekea. Hawa wamekuja kuiba dawa zetu. Watachukua unga wetu, watautia kwenye vidonge, halafu tuuziwe tena. Nikasema, "Msichana, mimi hunywa chai tu."

Alinitazama mashavu. Akatazama mikono yangu, iliyokuwa na madoa meusi ya damu kuvilia hata nikiguswa kidogo. Hakubishana. Alisema tu, "Sawa, mama. Lakini si wanasema mficha uchi hazai?"

Wakanilaza, wakanipiga picha. Daktari akanionyesha. Kumbe pale mguu unapoungana na kiuno kuna mfupa wa mviringo unaozunguka ndani ya kikombe chake. Wa upande wa kushoto ulikuwa mviringo. Wa kulia ulikuwa umebonyea kama tonge la ugali lililofinywa kwa kidole gumba. Akasema damu iliacha kuufikia, mfupa ukafa, ukaporomoka. Huo hauponi kwa kuchua wala kwa kukanda. Ilibidi niwekewe nyonga ya bandia. Ila kwanza walitaka kujua kilichouua, kwa sababu kama bado kipo, kitaumaliza na ule mwingine.

Wakaniomba niingie kwenye utafiti. Sasa nikaketi vizuri, kazi yangu ikaanza. Picha zangu zitakaa na nani? Jina langu litaandikwa? Ni nani anayewalipa nyinyi? Mkigundua kitu kibaya mtaniambia au mtajiambia wenyewe? Nikikataa je? Yule msichana akajibu moja moja, na asipojua alisema, "Hilo sijui, ngoja niulize," akaenda akauliza kweli. Juu ya kukataa alisema, "Unaweza kukataa sasa hivi na utatibiwa vile vile."

Maneno hayo nilitaka kuyapima. Nikasema, "Basi nimekataa."

Akasema sawa. Wakanipa magongo, wakanipangia siku ya kurudi kwa daktari, na yule msichana akatusindikiza mpaka kwenye gari. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mwizi, na mwizi amenifungulia mlango.

Ndugu zangu, sikilizeni sana hapa.

Siku ya soko nikaenda na magongo yangu, nikaketi kwenye meza yangu ya njugu. Nikamtazama jirani yangu wa dawa. Na kwa mara ya kwanza nikajiuliza: kwa nini yule wa Homa Bay nimemhoji kama hakimu, na huyu sijawahi kumuuliza hata swali moja?

Nikamuuliza, nikimwita dada kwa lugha yetu: "Nyamera, huu unga unatokana na mti gani?"

"Miti mingi."

"Nani anausaga?"

"Unaletwa kutoka upande wa pili wa mpaka. Mimi naupokea kwenye mfuko."

"Anayeuleta unamjua?"

"Mbona leo unauliza kama polisi?"

"Na nikitaka kuacha?"

Hapo akanisogelea, akashusha sauti. "Usiache. Mimi nilijaribu kuacha, nikalala kitandani kama maiti, natapika, siwezi kuinua hata kikombe. Dawa ya nguvu haipendi kuachwa." Alisema hivyo kwa nia njema. Niliona kwenye uso wake, alikuwa ananionea huruma.

Mgeni ameniambia naweza kuondoka saa yoyote. Wa nyumbani ananiambia sina njia. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa ndani ya leso yangu mwenyewe.

Nikarudi Homa Bay. Lakini msidhani nilikwenda nimeamini! Nilitengeneza vifurushi viwili. Kimoja nilitia unga wa kopo. Cha pili nilitia maganda ya njugu niliyoyakaanga na kuyasaga mwenyewe mpaka yakafanana. Nikampa yule msichana vyote, nikamwambia ni dawa mbili tofauti. Nilisema moyoni, wakisema zote mbili ni sumu, nimewakamata.

Siku ya majibu daktari alituita, mimi na binti yangu. Kifurushi cha kwanza kilikuwa na majani, ndiyo, lakini ndani yake mtu alikuwa amesaga dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe, dawa kali ambayo daktari huitoa kwa kipimo. Ukiitumia ovyo kwa miaka inakuondolea maumivu huku inakula mfupa. Ndiyo iliyonijaza mashavu. Ndiyo iliyonipa njaa na yale madoa mikononi. Yale mashavu mliyomshukuru Mungu kwayo, kina mama, yalikuwa ugonjwa.

"Na hii ya pili?" nikauliza.

Yule msichana akajaribu kuzuia kicheko, akashindwa. "Hii ya pili, mama, haina dawa yoyote. Na maabara yote ilinukia njugu."

Nilicheka, kisha nikalia, na binti yangu akalia. Nikaingia kwenye utafiti siku hiyo, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Hawakunikataza unga ghafla. Waliniwekea dawa ile ile kwa vidonge vya kipimo, wakawa wanaipunguza kidogo kidogo mpaka mwili ukakumbuka kazi yake. Kisha nikapasuliwa. Wakaniomba ule mfupa uliokufa wauchunguze. Nikasema nionyesheni kwanza, wakanionyesha. Kitu kidogo, kimechakaa, sikukitamani. Nikawapa. Mashemeji zangu wamelalamika kwamba nitazikwa nikiwa pungufu. Nimewaambia wasubiri kwanza nife.

Leo mmeniona nikipanda ngazi hizi bila gongo. Msimu huu nimepanda njugu, ingawa nainama kwa adabu, na nyonga yangu ya chuma naisikiliza kila asubuhi kama inapanga njama. Bado nawauliza wale watu wa utafiti maswali kila nikienda. Wakiniona tu wanavuta viti.

Nashukuru Mungu. Namshukuru binti yangu aliyenivisha viatu bila kunung'unika. Namshukuru yule msichana wa Kikuria, ambaye alivumilia mdomo wangu. Nawashukuru nyinyi mliopalilia shamba langu nikiwa kitandani baada ya kupasuliwa. Nilihesabu mashina mlipoondoka, nisamehewe, yote yalikuwepo.

Somo langu ni hili. Sijaja kuwaambia muwaamini watu, hilo siwezi. Shukuni. Lakini shukuni kwa haki, mgeni na wa nyumbani, maswali yale yale. Na wewe mwenye kopo kwenye mkoba sasa hivi, maana najua mpo, usilitupe leo na usiache ghafla, utaanguka. Lipeleke hospitali likiwa vile lilivyo. Daktari alione.

Nimebakisha neno moja, mwenyekiti. Yule mama nilimpelekea majibu. Alisema nimenunuliwa, akahamisha meza yake mpaka upande wa mafundi wa cherehani. Sikumfuata. Lakini juzi sokoni nilimwona akitaka kuinuka. Alishika meza, akavuta pumzi, akasimama kwa mguu wa kushoto kwanza, wa kulia akauburuta. Watu walipita tu. Mimi niliona, kwa sababu ndivyo nilivyoanza. Alikuwa akilamba mbele ya kila mteja, kila siku ya soko. Amekula kuliko sisi sote, na hakujua anachokula.

Mama, sina kesi na wewe. Kama umo humu, na najua umo, Alhamisi asubuhi nitakuwa stendi ya magari ya Homa Bay. Huna haja ya kuniamini. Njoo ukinishuku, njoo umenuna, ila njoo ukiwa bado unaweza kupanda gari kwa miguu yako.