Atacheza kwa Macho?

Asubuhi ile ndani ya basi, fundi cherehani aliyekaa mbele yangu alikuwa akimlalamikia bibi aliyekutana naye kituoni. "Binti yangu ana miaka tisa, lakini kutwa amejibwaga kwenye kochi kama gunia. Nikimwambia akacheze, ananitazama tu."

"Akitoka nje unamwambiaje?" bibi akauliza.

"Asikimbie, atatoka jasho. Asiruke, atavunjika. Na asikae chini, maana gauni nimelishona mwenyewe."

"Sasa mwanangu, atacheza kwa macho?"

Nilijifanya nakohoa. Fundi akanuna kidogo.

"Wewe mwenyewe unacheza naye?" bibi akaendelea.

"Mimi? Nikifika nyumbani miguu imekufa ganzi kwa kukanyaga cherehani!"

"Ndiyo hayo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi na mjukuu wangu tunaruka kamba kila jioni."

Abiria wawili waligeuka kumtazama miguu. Fundi naye akainama, akaona goti lililofungwa bandeji nene. "Na hilo je?"

"Hili ni la jana," bibi akakiri. "Ndilo linalonipeleka hospitali."

"Unaona!" Fundi alishangilia kama mtu aliyeshinda kesi. "Ndiyo maana namkataza!"

"Nimeanguka mimi, mtoto hakuanguka. Alicheka mpaka akakaa chini."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Fundi alimshika bibi mkono hadi mlangoni, huku bado anabishana. "Haya, niruke naye. Goti langu likivimba je?"

Bibi, akiwa ameshafika chini, akamgeukia. "Njoo tu. Nitakushikia nafasi kwenye foleni."